Muziki wa Kuondokea

Wazee wa kanisa walikuwa wamekwisha kubaliana kumpa Ambrose Thackray saa ya mezani, ile ya jiwe jeusi yenye nguzo pembeni, kama walivyompa mwalimu mkuu alipostaafu, na meneja wa kiwanda cha sufu kabla yake. Kasisi Pennington alipanda mwenyewe mpaka nyumbani kwake jioni ya Jumatatu, mvua inamchuruzika kofiani. Akakaa karibu na moto, akazungukazunguka kwa habari za hali ya hewa, akasifu keki, akauliza kifua cha Bi. Lavinia kinaendeleaje, mpaka akafika alikokuwa anakwenda.

"Tumeona haifai uondoke hivi hivi, Bwana Thackray. Umetupigia kinanda miaka yote hii. Tumefikiria saa."

"Saa ninayo," akasema Ambrose.

"Hii ni nzuri zaidi. Inapiga kengele."

"Kengele nimezisikia za kunitosha, Kasisi."

Mkewe Lavinia, aliyekuwa anamimina chai, akamkanyaga mguu chini ya meza. Ambrose akauvuta mguu wake. Hakuwa na nia ya kumkosea mtu adabu, ila alikuwa amechoka, na uchovu wake haukuwa ule wa kulala ukaamka umepona. Ulikuwa umemkaa mabegani kama koti lililolowa, tangu siku daktari alipomshika vidole, akavikunja kimoja kimoja, akamwambia kwamba viungo vimevimba na majira ya baridi yakiingia asitegemee tena kupiga kinanda.

"Kama mnataka kunipa kitu," akasema, "nipeni watu wakae."

"Wakae wapi?"

"Mabenchini. Jumapili yangu ya mwisho, ibada ikiisha, wasiinuke. Wanisikilize sonata yangu, muziki niliotunga mwenyewe, tangu mwanzo mpaka mwisho. Halafu waende zao. Sitaki saa wala kitu kingine."

Kasisi akaitazama chai yake. "Ni ndefu?"

"Ina sehemu nne."

"Nauliza urefu, Bwana Thackray. Sikuuliza sehemu."

"Nusu saa. Ikizidi, inazidi kidogo."

Kasisi akanywa chai yote kwa mkupuo mmoja, ingawa ilikuwa ya moto, akasema atatangaza.

Katika mji wa Harrowclough, kama katika miji yote ya upande ule wa Yorkshire, kasisi akishatoa baraka watu hupiga magoti kidogo, wakaficha nyuso kwenye viganja, kisha wakainuka kwenda zao, na mpiga kinanda huwapigia muziki wa kuondokea. Hakuna anayeusikiliza. Hapo ndipo watu wanapopata nafasi ya kusalimiana na kuulizana habari za wiki nzima: nani ana kikohozi, binti wa fulani amechumbiwa na nani, kiwanda kipi kimepunguza watu. Mpiga kinanda akipandisha sauti, nao hupandisha. Huwezi kuwalaumu. Tangu asubuhi wamekaa kimya wakihubiriwa.

Ambrose aliitunga sehemu ya nne ya sonata kwanza, kabla ya zile tatu, akiwa bado ana nywele nyeusi. Aliitunga kwa hasira. Alitaka muziki wa kuondokea utakaoyashinda maneno ya watu wa Harrowclough mara moja tu maishani mwake. Akaipa mabomba makubwa yote ya kinanda, yale yanayotikisa vioo vya madirisha, akaipa kazi nzito ya miguu kwenye vibao vya chini, ikaanza kwa mlio mmoja mkubwa wa vishindo vitatu uliowafanya njiwa wa mnarani waruke. Akaipiga Jumapili. Watu wakaongea. Akaipiga Jumapili nyingine, wakaongea. Akaendelea kuipiga miaka nenda miaka rudi, kwanza kwa ubishi, baadaye kwa mazoea, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumuuliza ile ni nini.

Zile sehemu tatu za mbele alizitunga polepole, jioni, akishamaliza kuwafundisha piano mabinti wa wenye viwanda. Hizo hakuwahi kuzipiga mbele ya watu. Ulikuwa muziki wa namna ya zama zake, muziki mzito unaoanza kwa mnong'ono chini kabisa na kupanda kama mtu anayepanda mlima kwenye ukungu, anageuka huku, anageuka kule, anadhani amefika kileleni kumbe bado, na mwishowe ukungu unafunguka. Aliwapelekea sonata wachapishaji wa London. Wakamrudishia na maneno ya heshima. Walichokubali kuchapa ni kitu kidogo alichokitunga mchana mmoja akisubiri mvua ikatike, kitamu kama jemu, nacho kikaenea nchi nzima. Hapakufungwa ndoa wala kuzikwa mtu bila yeye kuombwa apige kile. Alikichukia kitu kile kama jirani mwenye kelele.

Na sasa ulikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa ishirini na nne, mtindo ulikuwa umebadilika. Kijana aliyekuja kushika nafasi yake, mwenye vyeti vyake, alizitazama kurasa za sonata akasema, "Kazi imara sana, bwana. Kazi ya zama zile." Alisema hivyo kama mtu anayesifu kabati la bibi yake huku akijua kwamba halitaingia mlangoni kwake.

Basi Kasisi alipoondoka jioni ile, Lavinia alikusanya vikombe. Alipovifikisha jikoni ndipo akasema kutoka huko huko:

"Nyama, Ambrose."

"Nyama gani?"

"Nyama za watu wote. Zinawekwa ovenini kabla ya kwenda kanisani. Zinaiva ibada inapoisha. Nusu saa ni nusu saa. Unawaunguzia watu chakula cha Jumapili."

"Waziweke baadaye."

"Nani aziweke? Wote watakuwa wamekaa mbele yako wanasikiliza sonata."

"Basi waweke moto mdogo."

"Mume wangu, unajua muziki. Oveni huijui."

Ambrose akaegemeza kichwa kwenye kiti. "Lavinia. Miaka yote nimewapigia migongo. Nimewapigia kofia zao zinazotoka mlangoni. Nataka nyuso zao. Mara moja. Kama ni kuungua, na ziungue."

Lavinia akatoka jikoni akifuta mikono. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, asiyependa kubembeleza mtu.

"Sisi Jumapili tutakula ulimi wa ng'ombe wa baridi," akasema. "Nitauchemsha Jumamosi. Mimi sitakaa pale nikiwaza oveni."

Akaenda kulala.

Jumamosi mchana Ambrose alikwenda kufanya mazoezi ya mwisho. Makanisa mengi yalikuwa yamekwisha kuweka mashine ya umeme ya kupulizia kinanda. Hapo kwao alikuwapo Jabez Holroyd. Jabez alikuwa mzee wa rika la Ambrose, alifanya kazi ya kuchana sufu mpaka mapafu yakamkataa, na sasa alikaa nyuma ya kinanda, kwenye chumba chembamba kama jeneza lililosimamishwa, akisukuma mpini wa mvukuto juu na chini ili mabomba yapate upepo. Mbele yake ilining'inia kamba yenye kipande cha madini ya risasi. Risasi ikipanda, upepo unakwisha, naye anasukuma zaidi.

"Habari za leo, mwalimu," Jabez akasema kutoka gizani. "Unaipiga yote tena?"

"Yote."

"Mama yangu! Hiyo sonata yako inakunywa upepo kuliko farasi wa mkokoteni anavyokunywa maji."

"Kesho tu, Jabez. Kesho ndiyo mwisho."

"Kesho baa inafunguliwa mchana na mimi nitakuwa humu ndani kama panya. Umenifikiria?"

"Nimekufikiria. Unaipenda sehemu gani?"

Jabez akajikuna shingo, kama mtu anayefikiri kwa dhati. "Ya tatu."

Ambrose akageuka kwenye benchi. Sehemu ya tatu ndiyo aliyoipenda yeye kuliko zote. Aliitunga majira ya baridi yale binti yao Winifred alipohamia Kanada na mumewe, wala hakuwahi kumwambia mtu. "Kwa nini ya tatu?"

"Ni ya taratibu," Jabez akasema. "Napata kukaa."

Ambrose akacheka kicheko kikavu. Akakunjua vidole, akavisugua kwa mafuta ya kafuri aliyopewa na daktari, akaanza. Alipiga mpaka mwisho. Mikono ilimuuma mpaka kwenye viwiko. Baadaye alikaa palepale benchini, kofia mapajani, mpaka Jabez akaja kumtazama.

"Umekufa?"

"Bado."

"Usife. Kesho nani atawaunguzia nyama?"

Habari zilikuwa zimekwisha enea mji mzima.

Jumapili ilikuja na mvua nyembamba. Kanisa lilijaa kuliko kawaida, maana watu wa Harrowclough ni wagumu lakini wanajua kuaga. Wanawake walikuwa na nyuso za watu waliofanya hesabu. Wengine walipunguza moto, wengine waliweka nyama ikiwa bado ya baridi kabisa, na Bi. Sugden wa duka la mikate alimwambia kila aliyepita mlangoni kwamba yeye amemwachia dada yake mgonjwa kazi ya kuichungulia, na dada yake ni nusu kipofu.

Hesabu zao zote zingefaa kama siyo Kasisi Pennington. Kasisi, kwa kuwa siku ilikuwa kubwa, alirefusha mahubiri. Alisema habari za Mfalme Daudi na kinubi. Akamwacha Daudi akaenda kwa Suleimani, akarudi kwa Daudi. Ambrose, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la kinanda amewapa watu mgongo, aliwatazama kwenye kioo. Kila mpiga kinanda ana kioo kidogo juu ya vibao, cha kumwonyesha kasisi anafanya nini huko nyuma. Chake alikigeuza kidogo ili aone watu. Akaona mkono wa Bwana Sugden ukiingia kwenye mfuko wa kizibao, ukatoa saa, ukairudisha. Akaona mkono wa mwingine.

Baraka zikatolewa. Watu wakapiga magoti, wakaficha nyuso. Kasisi akasimama akakohoa.

"Ndugu zangu, kama mnavyojua, leo Bwana Thackray anaagana nasi. Ameomba tukae kwenye mabenchi yetu tusikilize kazi yake mwenyewe. Nawaomba tukae. Mpaka mwisho."

Wakakaa. Mabenchi yakalia, nguo zikachakarika, mtu akapenga kamasi. Kisha kikaja kimya.

Ambrose hakuwa amekisikia kimya kile hata siku moja akiwa na vidole juu ya vibao. Alikiota. Sasa kilipokuja hakukijua. Aliusikia mpini wa Jabez ukilia nyuma ya ukuta, kriii, kriii. Alimsikia Jabez akihema. Alisikia mvua kwenye mabati ya paa. Akabonyeza sauti ya kwanza kwa mguu, ile ya chini kabisa ambayo mtu huihisi kwenye mbao za kiti kabla ya kuisikia, na ikatoka, ikajaa kanisa, na hakuna aliyeongea juu yake.

Akapiga. Alikosea mara moja kidole cha nne kilipokataa, na kosa lilisikika mpaka mlangoni, kwa kuwa hapakuwa na kikohozi cha kulifunika. Jasho likamtoka. Alizoea kupiga kama mtu anayesema peke yake njiani. Leo kila neno lilikuwa na shahidi.

Aliponyanyua macho kwenye kioo, aliziona. Nyuso zile, zote. Alizijua zote. Alizipigia zilipofunga ndoa, na nyingine alizipigia zilipoletwa kubatizwa zikilia. Zilikuwa zimemwelekea.

Akazitazama tena katikati ya sehemu ya pili, muziki ulipompa nafasi, na safari hii akaona vizuri. Hawakuwa wanasikiliza. Walikuwa wamekaa. Walikaa kama watu waliojibanza chini ya kibaraza cha duka wakisubiri mvua ipite, kwa adabu, bila kunung'unika, macho yao yakiwa mbali. Wanawake waliweka mikono mapajani, glovu wameshazivaa. Bi. Sugden alikuwa ametazama mlango wa pembeni kwa macho ya mtu anayeona moshi. Na Ambrose alijua kwamba hata mmoja hatainuka. Angeweza kuwapigia mpaka jioni. Katika mji ule mtu huona heri nyama yake iwe mkaa kuliko kuwa wa kwanza kuinuka mbele ya wenzake.

Alikuwa amewaomba kitu ambacho hawakuweza kukikataa, na hicho ndicho walichompa.

Uchovu ukamrudia wote kwa pamoja. Aliianza sehemu ya tatu kwa sababu mikono ilikuwa inaijua njia. Aliipiga taratibu mno, akiwa na sauti chache tu, zile za mabomba ya mbao zinazofanana na pumzi ya mtu aliyelala, na hakutaka tena kutazama kioo. Akatazama mara moja tu, kumtafuta Lavinia. Lavinia alikuwa benchi la tatu, upande wa nguzo. Yeye hakuvaa glovu. Alikuwa ameinamisha kichwa, na mdomo wake ulikuwa umekaza kama anavyoukaza Kanada inapotajwa. Kumbe alijua. Hakuwahi kuambiwa, lakini alijua.

Sauti ya mwisho ikafifia. Ambrose akaondoa mikono.

Sasa, hakuna kupiga makofi kanisani, na hakuna aliyejua kama muziki umekwisha au bado. Watu hawakujongea. Mtu mmoja alimeza mate. Ambrose alikaa mikono ikiwa mapajani, inapwita kwa maumivu, akawaza: Ningeacha hapa. Nikiinuka sasa hivi, nikafunga kifuniko, hakuna atakayejua kwamba ipo sehemu ya nne. Watamshukuru Mungu. Watanishika mkono mlangoni waseme imependeza sana, na watakwenda kuokoa kilichobaki. Lavinia tu ndiye atakayejua, na Jabez. Kasisi hakujali sehemu, alijali urefu.

Nyuma ya ukuta Jabez akagonga mbao kwa kiatu. "Vipi, mwalimu?" akanong'ona, ila mnong'ono wa Jabez ulisikika mpaka benchi la mbele. "Kamba iko chini. Upepo umejaa. Tunapiga au hatupigi?"

Ambrose akavuta vishikio vyote vya sauti, vya kushoto na vya kulia, hata vile vigumu. Alikuwa ameomba mpaka mwisho. Akashusha mikono na miguu kwa pamoja: vishindo vitatu.

Na watu wa Harrowclough wakainuka.

Hawakuamriana. Wala hawakuonyeshana ishara. Walisikia vishindo vile vitatu na kanisa zima likasimama kama mtu mmoja, kama mashine za kiwandani mkanda unapowekwa. Miavuli ikaokotwa. Kofia zikashikwa. Maneno yakafunguka papo hapo yote kwa pamoja, ya muda wote ule yaliyokuwa yamebanwa.

"Ya kwangu itakuwa soli ya kiatu."

"Nilimwambia Kasisi, nilimwambia, Daudi peke yake anatosha."

"Na mguu wa mumeo?"

"Haya shoga, kimbia, kimbia, pudingi inaweza ikaokoka!"

Ambrose alipiga akiwatazama kwenye kioo, mdomo wazi. Dakika ile hakuelewa. Alidhani wamekasirika, wamechoka, wameamua. Lakini nyuso zao hazikuwa na hasira. Zilikuwa nyuso za kila Jumapili, zenye rangi, zenye uhai, zikigeukiana. Hawakujua kwamba wamefanya kitu. Huu ulikuwa muziki wa kuondokea. Ukipigwa, mtu huondoka. Wangejulia wapi kwamba ni sehemu ya nne ya kitu chochote?

Hata Lavinia aliinuka. Ambrose alimwona. Alisimama na mkoba wake, akatoka kwenye benchi, akapiga hatua tatu nne nyuma ya Bi. Sugden akimjibu jambo, kisha akasimama wima katikati ya njia kama mtu aliyemwagiwa maji. Akageuka akatazama juu kuelekea kwenye kinanda, uso umemwiva. Akarudi akikata mkondo wa watu, akakaa palepale alipokuwa, mkoba kifuani.

Ambrose akacheka. Alicheka mpaka mguu wa kushoto ukakanyaga kibao kisicho chake, na bomba kubwa likaguna peke yake kama ng'ombe, wala hakuna aliyesikia, maana watu walikuwa wanaongea.

Vidole vilikuwa vinauma, lakini viliruka. Kimya kilipoondoka mzigo ulimtoka mikononi. Akapiga kama alivyopiga siku zote, kwa nguvu, juu ya maneno yao na chini ya maneno yao. Na kwa kuwa safari hii hakuwa na ugomvi nao, aliwatazama walivyokuwa wanatoka, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Muziki wa kuondokea haukumhitaji kasisi, kwa hiyo miaka yote alikuwa hana haja na kioo.

Walikuwa wanatembea kwa mapigo yake. Bwana Sugden aliinua mwavuli kila pigo zito lilipoanguka. Wanawake wawili waliokuwa wanasimuliana walikuwa wanatikisa vichwa pamoja nalo bila kujua. Muziki ulipofika pale unapotulia kidogo kabla ya kupanda mara ya mwisho, mstari mzima ulipunguza mwendo. Walikuwa wamefika kwenye birika la ubatizo, mahali wanapobanana kumshika Kasisi mkono. Na ulipoanza kupanda tena, walivuta pumzi, wakajipanga vizuri, wakasogea mlangoni. Ambrose alipunguza makusudi, kuliko alivyozoea, akaona nao wamepunguza. Akaharakisha. Wakaharakisha.

Bi. Sugden, katika mlango, akiwa anafungua mwavuli na akiendelea kumsema dada yake, aliiimba sauti ya juu ya ukurasa wa mwisho kabla Ambrose hajaifikia.

Akaifikia. Watu walikuwa wamekwisha toka, mlango uko wazi, mvua inaonekana. Akashikilia ile sauti ya mwisho kwa mikono miwili na miguu miwili mpaka akasikia upepo umeanza kulegea na mabomba yanashuka kidogo kidogo kama mtu anayesinzia.

"Basi!" Jabez akapiga kelele. "Basi, mwalimu, utaniua!"

Akaachia.

Lavinia alipanda ngazi za kinanda polepole, akiwa ameshika ukuta. Alisimama nyuma yake.

"Nimeinuka, Ambrose."

"Nimekuona."

"Sikukusudia. Mimi ambaye nimechemsha ulimi. Miguu tu, miguu iliinuka yenyewe."

"Najua."

"Umekasirika?"

Ambrose alifikiri. Alitafuta hasira pale ilipokuwa inakaa siku zote, akapapasa, hakuikuta. Palikuwa na uchovu tu, na huo sasa ulikuwa uchovu wa kawaida, wa mtu aliyefanya kazi.

"Wanaijua," akasema. "Yote. Wanaijua mpaka nilipokosea kuiandika."

"Nani?"

"Wao. Yule mke wa Sugden ameiimba mlangoni."

"Yule hana sikio la muziki."

"Ameiimba sawasawa."

Jabez akatokeza kutoka chumbani mwake, shati limemganda mgongoni, anajifuta shingo kwa kofia. Akatazama kanisa tupu, akamtazama Ambrose, akamtazama Lavinia.

"Kwa hiyo wamekaa, hawakukaa?"

"Wamekaa tatu," akasema Ambrose. "Ya nne wameondoka."

"Na mimi?" Jabez akasema. "Mimi nimepuliza zote. Mbona hakuna anayeniuliza?"

"Nakuuliza sasa. Umeionaje?"

Jabez akavaa kofia. "Ndefu," akasema, akashuka ngazi akishikilia kiuno, akitafuta njia ya mkato ya kwenda baa.

Ambrose akajaribu kuvifungua viatu vyake vya kupigia, vile vyembamba vya kukanyagia vibao, lakini vidole havikuikamata kamba. Akajaribu tena. Lavinia akaweka mkoba juu ya vibao, akapiga goti kwenye mbao, akalifungua fundo la kwanza kwa kucha, kisha la pili. Nje bado walikuwa wanasikika wakishuka mtaa, wanaitana chini ya miavuli.

"Toa mguu," akasema Lavinia.

Akautoa.